Kipande cha Njaa Nilichokiweka Njiani

Siku ya kuniaga kazini, wenzangu, mlinipa saa ya ukutani, blanketi na ombi. Saa imeshasimama, blanketi ni zuri, na ombi ndilo hili ninalolitimiza sasa: niwaandikie namna tulivyochanganya samadi, mbolea ya vijidudu na mbolea ya dukani kwenye shayiri, kwa kuwa mimi ndiye niliyehangaika nayo hapa kwetu. Kipeperushi mnacho. Kina hatua sita, nimezihesabu mara mbili, na zote ni za kweli. Ubaya wa kipeperushi ni kwamba hakina watu ndani yake, na shida zangu zote za kazini zilikuwa na watu ndani yake. Habari za vyeo na mshahara nitaziruka. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua.

Mimi ni mtoto wa Mkiwa, njia panda. Kabla sijajua rutuba ni nini nilikuwa nauza mayai ya kuchemsha kwa abiria wa mabasi. Basi linasimama muda mfupi, na ndani ya muda huo unahesabu mayai, unahesabu chenji, na unahesabu wauzaji wenzako wamesimama madirisha gani. Huko ndiko nilikojifunza kuhesabu kila kitu mara mbili, na kwamba bei ya kwanza ni salamu tu.

Nilipopangiwa kituo cha kwanza, upande wa Issuna, nilimkuta Mzee Kitundu, bwana shamba wa zamani aliyekuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akaniuliza:

"Umekuja na nini?"

"Cheti, Mzee."

"Kiweke sandukuni, panya wasikile."

Kisha akanipa vifaa vya kazi: kamba yenye fundo kila baada ya mita moja, na kipande cha nondo chenye urefu wa mkono. Kamba niliielewa. Nondo nilidhani ni ya kufukuzia mbwa.

Ilikuwa ya kupimia samadi. Unaichoma ndani ya rundo mpaka katikati, unaiacha kwa muda wa kumsalimia mwenye nyumba, mama yake, watoto wake na mifugo yake, ambao kwa salamu za huku kwetu ni muda wa kutosha kabisa, halafu unaichomoa na kuishika. Ikikuunguza, rundo bado linapika, na ukilipeleka shambani litapika na mbegu zako. Ikiwa vuguvugu, subiri. Ikiwa baridi, na harufu yake ni ya udongo wa mvua ya kwanza, pakia mkokoteni. Nondo hiyo ninayo mpaka leo. Imekuwa na manufaa kuliko semina zote nilizohudhuria, na haijawahi kuniomba nisaini mahudhurio.

Mzee Kitundu alinipa pia sheria moja: shamba darasa likae njiani. "Shamba ambalo watu hawalipiti," alisema, "halipo." Niliishika sheria hiyo miaka yangu yote ya kazi. Mtaona iliponifikisha.

Sasa niseme kuhusu hizo mbolea tatu, maana mnazikuta zimekaa pamoja kwenye kipeperushi mnadhani zilikuja pamoja. Hazikuja pamoja. Kwenye semina yangu ya kwanza tuliambiwa samadi ni uchafu unaobeba mbegu za magugu, tuwafundishe watu mbolea ya dukani. Nikafundisha. Miaka ikapita, semina nyingine, chai ileile na sambusa ileile, tukaambiwa mbolea ya dukani peke yake inauchosha udongo, turudi kwenye samadi. Nikarudi kwa watu walewale. Bibi mmoja akaniangalia sana, akaniuliza, "Mwanangu, wewe ndiye yule wa mwanzo, au pacha wake?"

Nikamwambia ni pacha.

Halafu ikaja ya tatu, kwenye pakiti: vijidudu hai unavyovipaka kwenye mbegu. Vingine vinavuta chakula cha mmea kutoka hewani, vingine vinaifungua fosfeti iliyojishikilia kwenye udongo. Pakiti imeandikwa "hifadhi mahali pa baridi". Mahali pa baridi, Singida, mwezi wa Januari! Aliyeandika hivyo alikuwa amekaa kwenye kiyoyozi. Nilitia pakiti ndani ya mtungi mtupu, nikauchimbia mtungi nusu ndani ya mchanga uliolowa uvunguni mwa kitanda, nikaufunika na gunia bichi. Vikaishi. Hilo liongezeni kwenye kipeperushi, iwe hatua ya saba.

Misimu michache kabla sijastaafu wakaja wanunuzi wa shayiri. Walitaka kujua kama shayiri ya kimea, ile ya kutengenezea bia, inaweza kuota kwetu, na kwa mbolea gani. Shayiri, huku kwa alizeti na mtama! Nilicheka kwa heshima. Lakini nami nilikuwa na swali langu la siku nyingi: je, mkulima mwenye samadi nzuri akitumia na vijidudu, anaweza kupunguza mbolea ya dukani iwe nusu na asivune pungufu? Hilo lingewafaa watu hata shayiri yenyewe ikigoma. Nikakubali, nikaenda kutafuta shamba.

Nilimtaka Mama Ntandu. Alikuwa mjane, rika langu, na samadi yake ilikuwa safi kuliko ya mtu yeyote kijijini. Lakini ng'ombe hawakuwa wake. Kwetu mwenye ng'ombe wengi hawalazi wote zizini kwake. Anawagawa kwa watu anaowaamini. Anayewatunza anakunywa maziwa, na samadi inakwenda kwenye shamba lake. Ng'ombe wanabaki wa mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuja siku yoyote na kamba awachukue. Wale watano wa Mama Ntandu walikuwa wa Mzee Hango, aliyepita njia ile kila siku ya mnada. Bila wale ng'ombe, shamba lile la kichanga lisingetoa mtama wa kufikisha nyumba yake mavuno mengine. Hilo nililijua. Nililijua kichwani tu.

"Unataka kiasi gani?" akaniuliza.

"Nusu eka."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Nusu eka ya shamba la nyumbani! Hiyo shayiri inasongwa ugali?"

"Hapana. Inanunuliwa."

"Na wasipoinunua?"

"Kuku watakula."

"Basi nenda kaombe shamba kwa kuku."

Tukashushana mpaka robo eka, majani yote makavu yawe ya ng'ombe, na palizi nisaidie kwa mikono yangu mwenyewe. Nilipofunua karatasi yenye ramani ndipo mabishano yakaanza upya. Vipande vilikuwa vinne: cha kwanza samadi peke yake, cha pili mbolea ya dukani kipimo kizima, cha tatu mchanganyiko wa samadi, vijidudu na nusu ya kipimo cha dukani, na cha nne bila kitu chochote, cha kulinganishia. Kwenye ramani yangu hicho cha nne kilikaa pembeni kabisa, kikigusa njia.

"Hicho cha njaa kipeleke nyuma, kule kwenye ua wa minyaa," akasema.

"Nyuma kuna kichuguu, udongo wake si sawa na huu. Na huko nani atakiona?"

"Nyoka."

"Mama Ntandu, watu wapite waone tofauti. Ndiyo maana ya darasa."

"Watu wakipita hawaoni darasa. Wanaona shamba langu."

Nilibishana naye asubuhi nzima. Nilitumia kila mbinu niliyoipata stendi: nilijifanya naondoka, nikarudi, nikajifanya nimekumbuka mtu mwingine mwenye shamba zuri zaidi. Mwishowe akanyoosha mikono. Nilishinda, na nilirudi ofisini nikipiga mluzi. Katika maisha yangu yote ya kupatana bei, ule ndio ushindi nilioulipia zaidi.

Samadi tuliimwaga na kuichanganya na udongo wiki tatu kabla. Siku ya kupanda nilizipaka mbegu kivulini, kwenye beseni: maji ya sukari kidogo zipate kunata, unga wa vijidudu, koroga taratibu kama mtu anayepaka mtoto mafuta. Nikageuka kuchukua kamba. Nilipogeuka tena, Mama Ntandu alikuwa amesimama na kopo juu ya beseni.

"Hicho nini?"

"Majivu. Mbegu bila majivu italiwa."

"Weka chini! Hivyo ni vitu hai, unaviunguza!"

"Majivu yamepoa, Bibi Shamba."

"Yanaunguza hata yakipoa!"

Aliniangalia kama abiria anayeambiwa yai ni la leo. Lakini akaweka chini. Mbolea ya kupandia ya dukani tuliitia chini ya mfereji, tukaifunika kwa udongo wa vidole viwili, ndipo mbegu iliyopakwa ikakaa juu yake na kufukiwa papo hapo kabla jua halijaikuta. Mbolea ya dukani ikigusana na vijidudu inaviua, na hapo umelipia pakiti ya unga wa bure. Hili semeni mpaka mchoke, halafu semeni tena.

Ikaota. Baada ya wiki chache vipande vilisomeka kama ubao. Cha nne kilikuwa cha njano, kifupi, kinyonge, kizuri kabisa kwa kazi yangu. Nikafurahi. Nikaenda wilayani kwa ajili ya vikao, nikakaa huko kuliko nilivyopanga, kama kawaida ya vikao.

Niliporudi nilikuwa na mtaalamu wa wanunuzi, mtu mpole mwenye kofia pana. Cha nne kilikuwa cha kijani. Kijani cha kukera. Nikapiga magoti nikahesabu machipukizi ya mashina kumi, nikaandika, nikahesabu tena. Yalilingana na ya cha tatu.

"Ajabu," mtaalamu akasema. "Labda vijidudu vimehamia huku."

"Kwa miguu gani, bwana?"

"Basi udongo huu unajitosheleza. Nitaandika kwamba mchanganyiko hauna tofauti. Ili tusibahatishe, tutawashauri watu wote kipimo kizima cha dukani, ni rahisi kusimamia."

Nilihisi kama nimemeza nondo. Kata nzima ingeambiwa inunue mfuko mzima, samadi ikae zizini, kwa sababu ya kipande kimoja kisichojua kazi yake. Nikamwacha akipiga picha, nikaenda zizini. Nilikuwa nimeacha alama kwenye rundo kwa kigingi. Rundo lilikuwa limeshuka. Nikapima kwa debe na macho, nikapima tena: mikokoteni miwili haipo. Nikarudi kwenye kipande, nikafukua kati ya mistari. Samadi. Juu yake, chembe nyeupe za mbolea ya kukuzia iliyobaki kwenye mfuko wangu.

"Mama Ntandu, hii nini?"

"Labda ng'ombe walipita."

"Walipita wakajisaidia kwa mistari?"

"Ng'ombe wa Mzee Hango wana adabu."

Nilipandisha sauti. Sioni fahari kusema, lakini nilipandisha. Nikamwambia ameniharibia msimu, ameharibia kata, nimetoka wilayani kwa pikipiki na mgongo umekatika kwa ajili ya kipande hiki. 

"Umemaliza? Sasa nisikilize. Ulipokuwa kwenye vikao vyako, Mzee Hango alipita. Akasimama hapo ulipo. Akaangalia hiyo njano yako. Unajua aliniuliza nini? 'Mama Ntandu, siku hizi ng'ombe wangu wanakunya upepo?' Akaondoka bila kunywa maji. Mtu akisimama njiani akaona shamba langu lina njaa, anajua moja kati ya mawili: ng'ombe wamekonda, au samadi nawapa watu wengine. Atakuja na kamba. Halafu wewe utakuwa na karatasi yako, na mimi nitakuwa na nini?"

Niliinama nikaanza kufukia nilipofukua.

"Wewe si uliuza mayai Mkiwa?" akaendelea. "Kwenye sinia lako, yai lililopasuka uliliweka juu?"

Nililiweka chini kabisa, wenzangu. Kila siku, chini kabisa, upande wa kwangu.

Nikamrudia mtaalamu nikamwambia akifute cha nne. Akauliza aandike sababu gani. Nikamwambia aandike kwamba afisa ugani alikosea mahali pa kukiweka. Akasita, maana watu wa ofisi hatujazoea sababu fupi, lakini akaandika. Msimu ulikuwa umepotea. Nilidhani hasara imeishia hapo.

Haikuishia. Shayiri ya kimea haitaki kushibishwa. Ikila kupita kiasi inarefuka, shina linalegea, na punje zinajaa protini ambayo wapika kimea hawaitaki. Mvua ya mwisho ilipokuja na upepo wake, cha tatu kilisimama wima kama askari. Cha nne kililala chali, chote, kichwa kikiwa njiani.

Asubuhi ya kuvuna tulikuwa tunakata na Mama Ntandu tulipomwona Mzee Hango akija na kamba begani.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba. Naona shayiri yenu imelewa kabla haijawa pombe." Hakucheka. "Nimekuja kuchukua ng'ombe wangu. Shamba lilianza na njaa, limeishia chali. Mnadani wenzangu wananiuliza nimewaweka kwa nani."

 Mama Ntandu aliendelea kukata, lakini mundu wake ulikuwa unapita hewani. Mabua yaliyokuwa mbele yake alikwishayamaliza.

Nimepatana bei za mayai, vitunguu, kuku, usafiri na uhamisho. Ile ya asubuhi ile ndiyo iliyonitoa jasho. Sikuanza na maneno. Nilimwomba tu Mzee anifuate. Nikachoma nondo kwenye rundo lililobaki zizini, nikamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, mpaka zikaisha. Nikaichomoa nikampa mkononi. Baridi. Akanusa, na anayejua ng'ombe anajua samadi iliyotunzwa. Nikampeleka cha tatu.

"Hesabu masuke ya shina hilo, Mzee."

Akahesabu. Nikampeleka cha pili, akahesabu. Akarudi mwenyewe cha tatu kuhesabu tena, na hapo nikajua nashughulika na mtu wa aina yangu.

"Yako sawa," akasema.

"Hiki cha pili kimekula kipimo kizima cha dukani. Cha tatu kimekula nusu. Nusu iliyobaki imetoka kwa ng'ombe wako na pakiti moja ya vijidudu. Ukiwaondoa leo, mwakani huyu mama atabaki na cha pili, yaani mfuko mzima wa kununua, au abaki bila kitu."

"Na kile kilicholala?"

"Kile ni changu. Nilimtaka akiache bila kitu, njiani. Alikataa, nikamshinda kwa mdomo. Alipoona umekichukia akakilisha kupita kiasi, ili jina la ng'ombe wako lisichafuke."

Mzee Hango akakigeukia kipande kilicholala. "Ulitaka shamba linalolishwa na ng'ombe wangu lionekane lina njaa. Makusudi. Njiani."

"Ndiyo, Mzee."

"Na unalipwa kwa kazi hiyo?"

"Kidogo, Mzee."

"Afadhali."

Nikaona bei imeanza kushuka, nikajaribu bahati. Nikamwambia kama anaona si aibu, mwakani kipande hicho cha njaa tukiweke kwenye shamba lake yeye, anayejulikana na watu wote.

"Kwangu? Njiani? Mama, una homa?"

Akaishusha kamba begani.  Akaikunja, akaitundika kwenye kigingi cha zizi, akaketi kwenye jiwe. "Mama Ntandu," akaita, "maziwa ya asubuhi yapo?"

Mundu ukaanguka. Hajawahi kutembea haraka vile tangu nimjue.

Msimu uliofuata nilikwenda kwa Mama Ntandu na karatasi tupu, nikamwambia achore yeye. Alivihamisha vipande vyote vinne nyuma ya minyaa, mbali na kichuguu, udongo mmoja. Njiani akapanda mtama wake uliokula samadi nzuri, na waliopita waliona walichotaka kuona. Waliotaka darasa nilizunguka nao nyuma. Walikuja wengi kuliko waliowahi kusimama njiani, maana mtu akiambiwa kuna kitu kimefichwa nyuma ya minyaa hawezi kupita tu. Cha nne kilibaki cha njano mpaka mwisho. Cha tatu, debe kwa debe, hakikupitwa na cha pili, na hakikulala. Shayiri yenyewe wanunuzi waliamua kuilima mikoa mingine. Nusu kipimo tulibaki nacho sisi, kwenye mtama.

Kwa hiyo fuateni kipeperushi: samadi iliyopoa mapema, vijidudu kivulini, ya dukani nusu na chini ya mbegu. Lakini kabla hamjachomeka kigingi cha kwanza, muulizeni mwenye shamba kipande cha njaa kikae wapi, na mkishapata jibu msibishane naye, hasa kama mnajua kubishana.

Nimeandika haya nikiwa nyumbani Mkiwa. Nimepanda mtama mbele ya nyumba, vipande vinne kwa mazoea, na cha nne bila kitu, kando ya barabara kuu. Nilijiambia mimi nimestaafu, sina ng'ombe wa mtu, sina cha kuonea haya. Juzi jirani aliyekuwa anapita akasimama akaniuliza, "Bibi Shamba, hiki nacho ni chako?" Leo asubuhi nimehesabu madebe ya samadi yaliyoko nyuma ya jiko, nikayahesabu tena. Limepungua moja. Naishi peke yangu.